Mbao Zangu za Muringa

Watu wakiniuliza kwa nini mimi na kaka yangu hatusalimiani, huwa nawajibu kwamba ni mambo ya shamba. Huku kwetu Meru jibu hilo linatosha. Mtu hutikisa kichwa, husema shamba limevunja familia nyingi, kisha tunazungumza mengine. Lakini si shamba. Kaka yangu aliivunja mashua niliyokuwa naiunda kwa mikono yangu, na akachagua kuivunja wakati ambapo sikuweza kumlaumu mbele ya mtu yeyote. Hasira yangu haijaisha, na sitajifanya kwamba imeisha.

Najua mashua na Meru havikai pamoja kichwani mwa mtu, kwa hiyo nitaeleza. Mimi ni fundi wa maabara. Ninafanya kazi katika chuo kimoja upande wa Nchiru, na nimepanga nyumba huko huko katikati ya hosteli za wanafunzi. Nyumbani kwetu ni Githongo, kwenye baridi na kahawa. Kabla ya kazi hii nilikuwa nimepelekwa katika hospitali ya kisiwa kimoja huko pwani, nikakaa miaka kadhaa. Sikuwa na jamaa pale, na Jumapili zilikuwa ndefu mno. Nyuma ya hospitali palikuwa na uwanja wa kuundia vyombo, nikaanza kwenda kutazama. Mwanzoni mafundi walinivumilia tu. Baadaye wakanipa msasa nisugue, na mwishowe wakaniachia tezo, lile shoka dogo la kuchongea ambalo bapa lake limekaa kama la jembe. Nilipenda namna ubao mgumu unavyokubali kupinda ukiulowesha na kuupasha moto bila haraka. Nilipenda kwamba kosa lolote unaliona hapo hapo, halijifichi. Niliporudi bara nilikuwa na tezo yangu ndani ya sanduku, nimeifunga kwa shuka.

Sikuwa na mpango wa kuvua samaki wala wa kubeba abiria. Nilitaka tu kuunda mashua ya tanga, kama vile mwenzangu ofisini anavyofuga sungura na mwingine anavyoimba kwaya. Maji nilikuwa nimeyaona. Ukipita Ishiara na kuteremka zaidi kwenye joto la Mbeere, kuna bwawa la umeme lililo pana kiasi kwamba ng'ambo yake watu huonekana kama mbuzi, na mchana upepo huvuma pale kama umelipwa mshahara.

Mbao zilitoka kwa mama. Katikati ya kahawa yake kulikuwa na muringa mkubwa, ule mti ambao watu wa zamani waliuacha ukikua shambani ili kahawa ipate kivuli. Huo wa mama ulikuwa umepita kiasi. Aliniambia niukate kwa sababu unanyima kahawa yake jua, na alisema hivyo kwa sauti ya kukasirika kidogo, kama mtu anayekufukuza. Ndivyo alivyotoa zawadi. Tuliupasua mbao hapo hapo chini ya kilima, nikazipanga kwenye kibanda cha zamani cha mahindi nyuma ya jiko lake, nikaziacha zikauke mpaka mvua za masika na za vuli zikapita. Muringa ukikauka vizuri hutoa rangi ya hudhurungi yenye mistari myeusi, na ukiupiga randa hung'aa bila kupakwa kitu.

Nilikuwa nikipanda Githongo kila mwisho wa wiki. Nililaza mkuku kwanza, yaani ule uti wa chini unaobeba chombo chote, halafu nikasimamisha mataruma, zile mbavu, moja baada ya nyingine. Mama alikuwa mtu wangu wa kushika ncha ya pili. Alishika ubao huku akilalamika kwamba mikono inauma na kwamba nina wazimu. Siku moja aliniuliza kwa Kimeru kama nitakisukuma kile kitu mpaka mto Kathita ili nikalime samaki. Wageni wakija aliwaambia kwamba binti yake anamjengea ghala la mahindi la aina mpya. Lakini nilipofikisha mbao kimo cha kiuno, alikuwa anaingia ndani ya mashua asubuhi zenye ukungu, anakaa kwenye kigoda na kuchagua maharagwe, maana humo upepo haukumfikia. Nikifika Jumamosi nilikuta maganda na vijiwe vidogo kwenye mkuku. Nilivifagia bila kusema.

Kaka yangu aliichukia mashua tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye mkubwa, na tulizaliwa wawili tu. Ana nyumba ya mawe katika boma lile lile, ni mzee wa kanisa, na kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa yeye ndiye anayepewa nafasi ya kusema kwanza. Mtu wa namna hiyo hapendi kuchekwa. Pale sokoni Githongo walikuwa wakimuuliza kama dada yake amesikia habari za gharika ambazo wao hawajasikia. Alicheka nao, kisha akaja kwangu na uso mwingine. Aliniambia mwanamke wa umri wangu angekuwa na nyumba na watoto, si kukaa akichonga mti kama mtu aliyefiwa na akili. Mbele ya wageni aliniita daktari wa mikojo. Aliniambia pia kwamba mahali pale pa kibanda ndipo anapotaka kufungia ng'ombe wake wa maziwa. Mama alimjibu kwamba yeye bado hajafa na boma ni lake. Nilidhani yamekwisha.

Mama alianguka jikoni asubuhi ya Jumatatu akiwasha moto. Ilikuwa kiharusi. Tulimlaza hospitali mjini Meru, upande mmoja wa mwili umekufa na maneno yamepotea. Niliomba ruhusa kazini, nikawa nashinda naye. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza, nikamsugua mgongo na visigino ili asipate vidonda. Alinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuuliza jambo na hajui pa kulianzia. Kaka yangu alikuja mara moja moja, amevaa koti, akasali kwa sauti inayosikika wodi nzima, akaondoka. Muda wote huo sikukanyaga Githongo. Kilichokuwa kinafanyika kwenye kibanda sikukijua, na hata haikunijia kukifikiria.

Mama alikufa nikiwa nimetoka nje kununua maziwa.

Mipango ya mazishi aliishika kaka yangu, kama ilivyo desturi. Majirani na kanisa walichanga vizuri, hakuna kilichopungua. Mimi nilipewa kazi za mochari na nguo. Nilipomuuliza kwenye simu kuhusu jeneza aliniambia nisijisumbue, hilo ameshalishughulikia. Nilimshukuru. Nakumbuka vizuri kwamba nilimshukuru, na mpaka leo neno hilo likinijia nataka kulitema.

Siku moja kabla ya mazishi alinipa kitambaa cheupe cha kutandika ndani ya jeneza, akanituma nikipeleke kwa seremala pale Githongo sokoni. Angeweza kumtuma mtu mwingine yeyote. Boma lilikuwa limejaa watu. Alinituma mimi.

Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya farasi mbili za mbao, zile za miguu minne ambazo seremala huwekea kazi yake, nje ya karakana, na jua la mchana lilikuwa limelipiga. Niliona rangi kwanza, ile hudhurungi yenye mistari myeusi, nikajiambia tu kwamba ni muringa, na kwamba kaka yangu amejitahidi. Halafu nikaona matundu. Yalikuwa yamezibwa kwa gundi na unga wa mbao, yamepangwa kwa nafasi ile ile, mawili mawili, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Hayo yalikuwa matundu ya misumari yangu. Nilikuwa nimeyatoboa mimi kwa keekee ya mkono, moja moja, ili ubao usipasuke kwenye taruma. Kifuniko kilikuwa na mbinuko mdogo, kama mgongo wa mtu aliyeinama. Ubao niliokuwa nimeupinda kwa moto na maji siku mbili nzima ulikuwa umekataa kunyooka.

Seremala alitoka akijipangusa mikono. Ni mtu mzuri, tulisoma naye shule ya msingi. Alinipa pole, kisha akapitisha kiganja kwenye kifuniko.

"Umeona vile imetoka, daktari? Mbao kama hii siku hizi huwezi pata. Hata hii kupinda tumeiacha hivyo, watu wanaona ni staili."

Nilimuuliza mbao zimetoka wapi. Sijui kwa nini niliuliza.

"Si ni zile zako? Huyo mzee kaka yako alisema mmeelewana."

Nilimpa kitambaa. Ningemwambia nini? Mwili ulikuwa unatoka mochari asubuhi yake. Ningesimama sokoni nikapiga kelele kwamba nataka jeneza la mama yangu lifunguliwe misumari? Nilitembea mpaka nyumbani, nikapita katikati ya wanawake waliokuwa wanamenya viazi, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Mkuku ulikuwepo, na mataruma yalikuwa yamesimama matupu. Pamba yangu ya kalafati, ile unayoishindilia katikati ya mbao ili maji yasipite, ilikuwa imekanyagwa kwenye matope. Misumari ilikuwa kwenye ndoo, imepinda yote. Mtu aliyeing'oa hakuwa na haraka, aliing'oa kwa utaratibu. Tezo yangu walikuwa wameiegemeza ukutani, kama watu wenye adabu.

Nilipotoka nilimkuta kaka yangu amekaa na wazee wenzake chini ya turubai. Alinitazama mara moja, nikajua kwamba anajua nimeona.

"Umepeleka kitambaa?" akauliza.

Nikasema nimepeleka.

Sasa nifike kwenye mazishi, maana hapo ndipo wizi ulipogeuka kuwa kitu kingine. Mchungaji alikuwa ameambiwa hadithi. Alisimama mbele ya umati wote, akaweka mkono juu ya jeneza, akasema kuna binti hapa ambaye alikuwa akijiundia safina, na mama yake alipoitwa, binti huyo akasema safina si yangu tena, mbebeni mama yangu. Alisema kwa sauti nzuri, mchungaji yule ana sauti nzuri. Watu walilia. Wanawake wa kanisa wakageuka kunitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona kwao tangu nizaliwe, wao ambao walikuwa wakinicheka kwa ile ile mashua. Mmoja akanikumbatia, akaniambia mama amelala ndani ya mbao alizozishika kwa mikono yake na hakuna heshima inayozidi hiyo. Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilishukuriwa kwa kitu ambacho sikukitoa, nikakubali shukrani, kwa sababu mama alikuwa pale, amelazwa, na wanaume wameshika kamba za kumteremsha.

Nilimtazama kaka yangu wakati mchungaji anasema. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeguswa.

Baada ya mazishi nilirudi Nchiru na kazini. Nilikuwa nikipima damu za watu huku meno yamekazana mpaka taya likauma. Wenzangu walidhani ni msiba. Ulikuwa msiba pia, lakini kila nilipoanza kumlilia mama, kaka yangu aliingia katikati. Hilo nalo sijamsamehe. Hata machozi ya kumlilia mama yangu aliyachukua.

Siku moja nikapanda kwa seremala kuulizia mabaki. Nilijua kwamba mbao nilizokuwa nimepigilia zilikuwa nyingi kuliko jeneza moja. Alinitolea vipande vilivyobaki, virefu viwili na vifupi kadhaa, akavifunga kwa kamba bila kutaka chochote. Alionekana hana raha. Nilipomwambia kwamba sikuwa nimeelewana na mtu yeyote, alikaa juu ya gogo.

"Mimi nilijua unajua," akasema. "Kwa sababu mzee alinileta hapo kwenu mapema. Tukapima. Akaniuliza kama zitatosha."

"Mapema lini?"

Alianza kuchokonoa gogo kwa ukucha, nami nikarudia swali.

"Hiyo wiki mama alilazwa."

Niliacha vipande pale pale na kuteremka nyumbani. Kaka yangu alikuwa kwenye kibanda. Alikuwa ameshaleta saruji na mawe, na kijana wa kibarua alikuwa akichimba mfereji wa kinyesi cha ng'ombe. Mkuku na mataruma walikuwa wameyaburuta hadi nje, yakalala kwenye nyasi. Nilimwambia yule kibarua atupishe.

Nilimuuliza kaka yangu kama ni kweli kwamba alipima mbao mama akiwa hai. Hakukana. Nilitegemea akane, na ningekuwa na nafuu.

"Daktari alisema wazi hawezi kupona," akasema. "Mtu lazima ajipange."

"Mimi nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Wewe ulikuwa hapa na futi ya kupimia."

"Na nani alikuwa anapanga mambo ya hapa nyumbani? Wewe? Ulitaka mama azikwe kwa saipresi kama mtu hana watu, halafu wewe ubaki na muringa wa kuchezea?"

Nilimwambia angeniuliza. Simu ilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha hospitali, sina kazi nyingine ila kupokea simu. Sijui ningejibu nini. Pengine ningesema chukua zote. Pengine ningesema mwache mama apone kwanza. Lakini jibu lingekuwa langu.

"Kama ulikuwa umekasirika mbona hukusema pale mazishini?" akasema. "Ulisimama ukapokea pongezi. Watu wote wanajua ulizitoa. Sasa unataka nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa alivyokuwa amelisuka jambo lile. Jeneza halikuwa na haja ya mbao zangu, mjini kulikuwa na mbao za kila namna. Alitaka kibanda kiwe wazi na kicheko cha sokoni kiishe, na alijua kwamba kwa heshima ya mama sitathubutu kufungua mdomo. Alikuwa ameona kifo kinakuja, akakitafutia kazi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa Kimeru, bila kupaza sauti. Alisema nina pepo la uchungu, nikaombewe.

Kama angenipiga ningekuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Shangazi yangu nilipomweleza aliniambia ninyamaze, kwamba mama amezikwa vizuri na huo ndio mwisho, na kwamba mashua ni kitu gani mbele ya undugu. Kila niliyemwambia alinijibu karibu hayo hayo. Wote walikuwa wakiona mbao. Hakuna aliyemwona mtu amesimama kwenye kibanda na futi mkononi huku mama yake anapumua.

Mwenzangu wa maabara ndiye peke yake aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kunipa ushauri. Yeye ni mama mmoja wa Mbeere, kwao ni nje kidogo ya Ishiara. Aliosha mikono, akaniambia kwao kuna uwanja mkubwa na hakuna mtu wa kunisumbua. Nilikodi lori. Siku ya kupakia mkuku kaka yangu alisimama mlangoni pake mikono nyuma. Neno lake pekee lilikuwa la kuwaambia wapakiaji wasikanyage mizizi ya kahawa.

Ishiara ni nchi nyingine. Ukitoka Githongo umevaa sweta, kule unalivua kabla hujashuka. Nilijenga kivuli cha mabua ya mawele na matawi, nikaanza upya. Mbao nilizopata zilikuwa za mukau, mti wa kule kwenye ukame, ambao mchwa hawaugusi. Ni mzuri, lakini si muringa. Una tabia yake na ilibidi niijifunze. Niliharibu nyingi. Nyingine niliziharibu kwa kutojua, lakini moja niliipasua katikati kwa hasira tupu, kwa sababu nilikuwa napiga msumari huku namjibu kaka yangu kichwani, na pigo la mwisho likawa lake. Nilikaa chini nikalia kwa ajili ya ubao ule kama sikuwa nimelia kaburini. Mama wa nyumba ile, mama yake mwenzangu, alinikuta hivyo, akaniletea uji wa mtama na kuondoka.

Watu wa Ishiara nao walicheka, nisiseme uongo. Siku za soko walipita kutazama mwanamke wa Meru anayeunda mashua mahali ambapo mto hukauka. Lakini walicheka mbele yangu, kisha wakaniuliza maswali ya kweli: itabeba watu wangapi, ikipinduka je. Fundi cherehani wa pale sokoni, aliyezoea kushona sare za shule, alinishonea tanga la kitambaa cha merikani. Alinipimia urefu wa tanga kwa hatua zake uwanjani kama anavyopima mtu mnene, akalishona mara mbili kila mshono bila mimi kumwambia. Mlingoti niliuchonga mwenyewe. Nilifanya kazi likizo zote na kila mwisho wa wiki nilioweza kupata, na ilichukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ncha ya pili ya ubao sasa nilikuwa nimeifunga kwa kamba kwenye nguzo.

Tulipoipeleka kwa lori na kuishusha bwawani, ilivuja. Chombo kipya huvuja mpaka mbao zinywe maji na kuvimba, nilijua, lakini wavuvi waliokuwa ukingoni hawakujua, wakapiga miluzi. Niliiacha imelala kwenye maji ya kina kifupi kwa siku kadhaa, nikarudi, nikaikausha, nikapandisha tanga. Upepo wa mchana ulilijaza mara moja. Nilikuwa nimeshika usukani, na ilipoanza kwenda nilihisi mkuku unatetemeka chini ya miguu yangu, ule ule mkuku wa Githongo. Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa furaha haikufukuza kitu. Nilizunguka bwawa nimefurahi na nimekasirika, vyote viwili, na havikugombana.

Habari zilifika Githongo. Mtu alikuwa amepiga picha na picha zikatembea kwenye simu. Jumamosi moja nikiwa ukingoni nafunga kamba, niliona gari linateremka kwa vumbi, wakatoka kaka yangu, mke wake na mchungaji. Kaka yangu alikuwa amevaa kofia ya jua. Aliitazama mashua kwa muda, akaigonga kwa kiganja kama anavyogonga ng'ombe anayetaka kumnunua, akasema imetoka vizuri kuliko ile ya kwanza. Mke wake alisimama nyuma, anaangalia viatu vyake.

Mchungaji alianza. Alisema wamekuja kwa amani, kwamba nyumba haiwezi kukaa imegawanyika na mama ametangulia. Kisha kaka yangu akasema kila mtu alikosea kwa njia yake, tusameheane, mama angefurahi kutuona pamoja. Akapendekeza tupande sote, tuzunguke kidogo, tupige picha ya familia.

"Mimi nilikosea wapi?" nikamuuliza.

Alimtazama mchungaji.

Nilimwambia kwamba ninataka jambo moja tu na tutapanda sote. Amwambie mchungaji, hapo hapo, kwamba sikutoa zile mbao.

"Hayo ni mambo ya zamani," akasema.

"Mwambie."

"Dada, hatukuja kufukua makaburi."

Mchungaji alikuwa ameacha kutabasamu. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba sikuzitoa. Nikamweleza. Sikuongeza kitu, nilimweleza jinsi nilivyotumwa na kitambaa, na jinsi seremala alivyoletwa kupima wiki ile mama alipolazwa. Kaka yangu hakunikatiza. Alitazama maji. Mke wake alirudi garini peke yake, akafunga mlango.

"Nimelihubiri hilo," mchungaji akasema hatimaye. "Hata kwenye mazishi ya watu wengine. Huwa nawaambia habari ya binti na safina yake."

Alikuwa ameingiwa na aibu, nilimwona, na kwa dakika moja nilitaka kumwonea huruma. Lakini nilifikiria watu wote hao wasionijua, kwenye makaburi mengine, wakifarijiwa kwa uongo wa kaka yangu, na damu ikanipanda upya.

"Basi lihubiri tena," nikamwambia, "hivi lilivyo."

Kaka yangu alisema nimemvunjia heshima mtumishi wa Mungu. Alisema nitazeeka peke yangu na kipande cha mti. Alikuwa bado anasema niliposukuma mashua na kuingia. Niliketi, nikavuta kamba ya tanga, na upepo ukanichukua kabla hajamaliza. Sikugeuka. Kwenye ungio la ubao wa tatu maji yalikuwa bado yanapenya kidogo, nikawa nashika usukani kwa mkono mmoja na kuyachota kwa kopo kwa mkono wa pili, nayachota na kuyamwaga, huku namjibu kaka yangu kwa sauti yote, maana huko katikati hapakuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze.